Idsowe Iliyojengwa Gazetini



Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi akina mama ambao huusoma ukurasa huu hadi nukta ya mwisho ilhali waume zenu huishia kwenye kichwa cha habari, wiki hii sitawapa darasa la twahara wala la mirathi. Nitawapeleka mtoni Idsowe, katika nyumba ya mama yangu mzazi, nikawafungulie sanduku la bati.

Sanduku hilo lilikuwa la marehemu baba, Mola amrehemu. Wazee wengine huacha mashamba, wengine huacha ng'ombe. Baba aliacha magazeti. Hakuwa mtu wa kununua gazeti kila siku, kwani enzi hizo gazeti lilifika Garsen likiwa limechoka, siku mbili tatu baada ya kuchapwa, limekunjwa mfukoni mwa utingo wa basi. Alinunua lile tu lililotaja Tana. Likitaja Garsen, alilisoma kwa sauti barazani ili majirani wafaidike. Na siku lilipotaja Idsowe yenyewe alinunua nakala mbili, moja ya kusoma na moja ya kuamini.

Mafuriko ya Novemba 2023 yalipoingia ndani, mama alitoka na vitu vitatu: msahafu, cherehani na sanduku lile. Godoro aliliacha. Alipoulizwa na binti zake, akajibu kwamba godoro huuzwa dukani. Maji yalikuwa yamekwisha kulilamba sanduku, kwa hiyo tulipokaa katika mahema kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuyaanika magazeti juu ya mikeka, moja moja, kila moja likiwekewa kokoto lisipeperuke. Nikawa natembea baina ya mikeka kama mtu azuruye makaburi, nikisoma vichwa. Hapo ndipo nilipotambua kwamba Idsowe ziko mbili. Iko moja iliyojengwa ardhini, kwa miti, udongo, mabati na subira. Na iko nyingine iliyojengwa gazetini, ambayo ni mji mkubwa ajabu.

Kabla hatujautembelea mji huo, tazameni kwanza sarufi iliyoujenga. Mwandishi wa gazeti la Kiswahili akitaka kutangaza jambo ambalo halijawa, huandika: Barabara kujengwa. Wakulima kunufaika. Daraja kufunguliwa. Tulipokuwa chuoni tukisoma sarfu, maalim wetu alitufundisha kwamba masdari ni neno libebalo tendo bila ya wakati. Ukisema "kula", hujasema ni nani aliyekula, wala lini, wala kama chakula kimekwisha pikwa. Basi kichwa cha habari ni masdari mtupu. Hakina "li", hakina "na", hata "ta" kimenyimwa. Mwandishi angesema "itajengwa", mtu angemshika shati mwaka wa pili akamuuliza iko wapi. Lakini "kujengwa" haina shati la kushikwa.

Mama hakusoma skuli. Husoma Kurani, na husoma Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na hapo ndipo mpaka wake. Baba alipokuwa akisoma kichwa kwa sauti ya khatibu, yeye alikuwa jikoni akipuliza moto, na kila mara aliuliza neno moja: "Linasema lini?" Baba alishuka kwa macho aya ya kwanza, ya pili, ya tatu, akageuza ukurasa, akarudi. Kisha alilikunja gazeti polepole. "Halikusema, mama watoto."

Wanazuoni wa balagha waliyagawa maneno mafungu mawili. Liko fungu la khabari, ambalo laweza kuwa kweli na laweza kuwa uongo. Na liko fungu la inshai, ambalo haliingii katika ukweli wala uongo, kama vile kuamrisha, kuuliza na kutamani. Ulimwengu mzima huyaita maandishi haya makubwa vichwa vya khabari. Mimi, baada ya kukaa siku tatu na mikeka ya baba, nimeyahamisha fungu. Ni vichwa vya inshai, mlango wa kutamani.

Haya, tutembee. Nayataja kwa maneno yangu mwenyewe, kwani mchwa walitangulia kusoma na hawakuacha herufi nyingi.

Tukiingia Idsowe ya gazetini kutokea Garsen, twapakiwa katika gari la Nyayo. Vijana hamulijui. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata liwe baya wa sura na mwendo wake uwe wa polepole, na mwaka 1990 likazinduliwa Kasarani kwa jina la Nyayo Pioneer. Yaliundwa machache ya majaribio, na kiwanda cha kuyaunda kwa maelfu hakikupata kuunda. Baba alilihifadhi gazeti lile ingawa halikutaja Tana, na sababu yake alinieleza mwenyewe. Ikiwa serikali yaweza kuunda gari, alisema, basi haitashindwa kuunda barabara ya gari hilo, na gari la Kenya litapenda kuitembelea Kenya yote. Alikuwa akilisubiri kwenye udongo wetu mweusi wa mfinyanzi, ule ambao mvua ikinyesha hushika lori likaota mizizi. Wasiwasi wake ulikuwa mmoja tu, iwapo gari la Nyayo laweza kuelea.

Tukishuka garini twaingia sokoni. Soko la Idsowe ya gazetini halina mchele wa kununua, kwa sababu mchele ni wa bure. Huu ni mchele wa mradi mkubwa wa umwagiliaji wa delta, ule uliosimamiwa na mamlaka ya TARDA kwa msaada wa fedha za Wajapani. Tofauti na ndugu zake, mradi huu ulijengwa kweli kweli. Zilichimbwa mifereji, yakapigwa matuta, mpunga ukapandwa na ukaliwa. Kisha mwishoni mwa mwaka 1997 ikaja Elinino, mto ukayatazama matuta yale, ukayabomoa. Lakini gazetini mpunga ule bado umesimama. Watu wa huko hula pilau Jumatatu, biriani Jumanne, na siku ya Ijumaa, kwa kuchoka nyama, huomba wapikiwe sima na samaki wa kumba.

Karibu na mchele iko sukari. Mwaka 2008 yalitangazwa mashamba ya miwa ya hektari 20,000 katika delta, TARDA ikishirikiana na kampuni ya sukari ya Mumias, na kesi ikafika mahakamani Malindi. Waswahili wa gazetini wakanywa chai ya sukari sita hata meno yakawatoka. Mwaka huo huo, mwezi Desemba, zikachapwa habari kwamba hektari 40,000 za delta hii hii zitapewa dola ya Qatar ilime matunda na mboga, nayo ichangie ujenzi wa bandari ya Lamu. Nakumbuka siku zile vizuri. Darasa langu la Kiarabu la jioni, ambalo lilikuwa na wazee wanne na mmoja wao akija kwa ajili ya kahawa, lilipata wanafunzi kumi na wanane kwa wiki moja. Hawakutaka nahau wala sarfu. Walitaka kujua bamia huitwaje, pilipili huitwaje, na mtu akitaka kusema "hiyo bei hainilipi" asemeje kwa heshima. Niliwafundisha. Qatari haikuja, wanafunzi wakatawanyika, akabaki yule wa kahawa.

Halafu ikaja zamu ya mbono kaburi. Kampuni moja kutoka Kanada ilipewa leseni ya kuanza na hektari 10,000 za mmea huo, ili mbegu zake zikamuliwe mafuta ya kuendeshea magari. Wazee wetu waliupanda mbono kaburi kwa kazi iliyo katika jina lake, kuweka mpaka na alama pale alipolazwa maiti, na walishangaa kusikia kwamba Ulaya wanautafuta kwa hamu. Mradi ulizimika baada ya miaka michache. Jina lilikuwa limetuonya.

Nilichukua kalamu nikajumlisha. Miwa hektari 20,000, mboga za Qatar 40,000, mbono kaburi 10,000. Zafika 70,000, na bado hatujauhesabu mpunga. Delta nzima hukadiriwa kuwa kama hektari 130,000, pamoja na mikondo ya mto, vinamasi, mikoko, na malisho ya kiangazi ambayo Waorma na Wawardei huyategemea pindi nyika inapokauka. Na mwaka 2012 sehemu kubwa yake ikaandikishwa katika mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi oevu za ulimwengu, kwa hiyo ndege nao wana hati. Wakazi wa Idsowe ya gazetini, kwa hesabu hii, wanaishi juu ya miembe. Huswali juu ya miembe, huozesha juu ya miembe, na ng'ombe wa Waorma wamefungwa matawini wakisubiri zamu ya kushuka kunywa maji.

Juu ya miembe hiyo ndipo tunaposikia honi ya treni. Tarehe 2 Machi 2012 walikutana Lamu viongozi watatu, Mwai Kibaki wa Kenya, Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Uhabeshi, wakaweka jiwe la msingi la mradi wa LAPSSET: bandari ya gati 32, reli, barabara kuu, bomba la mafuta, kiwanda cha kuyasafisha, viwanja vya ndege na miji ya kitalii. Reli yenyewe, kwa mujibu wa ramani, ilikuwa ielekee Garissa na Isiolo, haikuwa na haja na sisi hata kidogo. Lakini gazeti likishasomwa barazani, ramani hupinda. Kufikia magharibi reli ilikuwa imekwisha pita Witu. Kufikia isha ilikuwa na stesheni Idsowe, na pakazuka ubishi mkali kama stesheni iwekwe upande wa msikiti au upande wa skuli. Muuza viazi karai mmoja, mama mwenye akili zake timamu, alikuja kuniomba niandike barua ya kuomba nafasi jukwaani kabla watu wa Malindi hawajazimaliza. Niliandika. Nilikuwa naamini mimi pia, mwanachuoni mzima, na ndiyo maana siwacheki walioamini. Bandari ya Lamu, kwa haki, ilijengwa. Gati ya kwanza ilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na gati tatu zimekamilika. Barua ya mama yule ingali iko ndani ya sanduku, imekunjwa katikati ya gazeti la siku ile.

Msidhani kwamba aibu hii ni yetu pekee. Wamarekani, pamoja na elimu yao, waliwahi kuamka Novemba 1948 wakakuta gazeti moja la Chicago limemtangaza Dewey kuwa mshindi wa urais, na aliyeshinda ni Truman. Truman alipigwa picha akilinyanyua gazeti lile huku meno yote yako nje. Na mbinguni kwenyewe hatujasalimika. Tangu mwaka 1967 Waitaliano walikuwa wakirusha roketi kutoka majukwaa yaliyosimamishwa baharini katika ghuba ya Ungwana, hapo karibu na mto wetu unapomalizikia, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, kazi yake ikiwa ni kuchunguza miale itokayo kwenye nyota. Wazee wa zamani, mvua ilipokawia, waliuliza kwa adabu kama kile chombo hakikutoboa kitu huko juu. Nasi kila mwaka twaendelea kubishana kama mwezi wa Ramadhani umeonekana. Jirani yetu mmoja huwa anasema kwamba watu waliorusha Uhuru kutoka mlangoni mwetu wangeweza kuufunga na taa ndogo ya kutumulikia hilali, wakapunguza fitina.

Kipo kichwa kimoja katika sanduku ambacho hakihitaji kuongezwa chumvi. Kinahusu mbuzi. Uko mti wenye miiba uitwao mathenge, ulioletwa kutoka Amerika katika miaka ya 1970 na 1980 ili kuzuia jangwa, ukapandwa Baringo na huku kwetu Bura, katika mradi mwingine wa umwagiliaji uliokusudiwa kututajirisha. Mti ukaipenda nchi kupita kiasi. Ukaziba njia, ukaziba malisho, na maganda yake matamu yakawaozesha mbuzi meno. Watu wa Baringo walipochoka waliishtaki serikali, na katika miaka ya 2000 wakamleta mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe ushahidi. Mama aliposomewa habari ile alicheka hadi akafuta machozi kwa upindo wa leso. Kisha akanyamaza, akasema: "Huyo mbuzi ndiye shahidi wa kwanza niliyemsikia ambaye hakusema uongo." Wafugaji wa mto huu hadi leo wanapambana na mathenge kwa panga na shoka. Ahadi zote zilizotufikia zilikauka, ila ile yenye miiba.

Mtaniuliza, wewe uliyesoma elimu ya hadithi, ulikuwa wapi muda wote huo? Swali ni la haki. Nilifundishwa kwamba habari haipokelewi hadi ijulikane mapokezi yake, ni nani aliyeisikia kwa nani, na kila mmoja wao awe ni mtu anayejulikana kwa ukweli na kumbukumbu. Mpokezi asiyejulikana huitwa majhuli, na habari yake huwekwa pembeni. Kisha nilikuwa nikitoka darasani nikafungua gazeti nikasoma "duru za kuaminika zasema", au "mdokezi ambaye hakutaka jina lake litajwe", na nikaitikia kichwa. Duru ni nani? Mwana wa nani? Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, Mungu amrehemu, aliyewatolea Waislamu wa Mombasa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930 na kisha gazeti la al-Islah mwaka 1932, alijulikana na kila msomaji, na aliyetaka kumpinga alijua mlango wa kubisha. Duru haina mlango.

Wala jina likijulikana si dhamana ya kutosha. Kipande kikongwe kuliko vyote sandukuni ni cha babu, kimekunjwa mara nne hata kimekatika kwenye mikunjo. Ni cha mwaka 1959. Tarehe 3 Machi mwaka huo, katika kambi ya Hola, juu ya mto huu huu, wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa hadi wakafa kwa kukataa kufanyishwa kazi ya nguvu. Tangazo la kwanza la serikali ya kikoloni halikutaja rungu. Lilisema kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji.

Babu alilisoma jambo hilo jioni, mtungi ukiwa umejaa mlangoni. Baba, aliyekuwa mtoto, alisimulia kwamba babu aliiweka kata chini asinywe, na kwamba wanawake wa kijiji, habari ilipowafikia, waliacha kuteka mtoni siku kadhaa, wakawa wakichimba visima vya mchanga kando yake na kuchemsha maji mara mbili kabla ya kuwapa watoto. Katika vichwa vyote nilivyovisoma juu ya mikeka ile, hiki ndicho nilichokiona kimeleta matokeo siku ile ile, nacho kilikuwa cha uongo. Madaktari walipowapima maiti walikuta majeraha ya kipigo. Bunge la Uingereza likajadili jambo hilo hadi usiku wa manane mwezi wa Julai. Hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa vifo vile. Mto Tana ndio uliokuwa mshitakiwa pekee, na ukaachiwa bila ya kuombwa radhi.

Kuhusu mwaka 2012 sina mzaha wa kuutia. Mnajua yaliyotokea Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao, baina ya ndugu wanaokunywa maji ya mto mmoja. Gazeti lilifika baada ya maiti kuzikwa. Kilichotangulia ni simu: ujumbe usio na jina, kwamba fulani wanakuja usiku, kwamba fulani wameonekana na mapanga. Mama aliupokea kupitia simu ya jirani, akauliza swali lake lile lile kwa namna nyingine, "Nani kaona kwa macho yake?" Hakupatikana mtu. Usiku ule tulikaa macho hadi alfajiri, na mahali petu hapakuja yeyote. Sura ya Hujurat ilitufunza kuchunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga tukaja kujuta. Naisomesha kila mwaka. Baada ya mwaka ule naisomesha sauti ikinikwama.

Nirudi kwenye mikeka, kwani iko sababu iliyonifanya niandike wiki hii wala si wiki nyingine.

Mwanzoni mwa Oktoba 2023 Rais William Ruto alitangaza kwamba wataalamu wa hali ya hewa wamesema Elinino ya maafa tuliyokuwa tumetahadharishwa haitakuja. Magazeti yakachapa, na watu wengi waliokuwa wameanza kuhamisha mbuzi na magunia wakayarudisha. Mwezi uliofuata tulikuwa mahemani. Sijui kama mvua ilikuwa imelisoma gazeti lile. Mwezi wa Aprili na Mei 2024 ikarejea tena, kama mgeni aliyesahau kilemba.

Mpwa wangu, kijana mwenye mke na watoto wawili wachanga, nyumba yake ilianguka mara zote mbili. Ukoo ukakubaliana kumpa kipande cha ardhi kwenye mwinuko, mbali kidogo na mto. Amekuwa akisitasita. Shamba lake la ndizi liko chini, mkewe hutaka maji karibu, na kutoka juu hadi mtoni ni mwendo. Hizo ni hoja za mtu mwenye akili, na mimi sizidharau. Mababu zetu hawakukaa ukingoni kwa upumbavu. Mto ukifurika kwa kiasi huacha rutuba, na mkulima wa delta aliyapangia maji hayo kilimo chake kabla Kindaruma haijajengwa mwaka 1968, na Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Mabwawa hayo hutupa maji kidogo pale tunapoyahitaji, na Masinga likijaa pomoni huyamwaga yote, nasi hutangaziwa redioni kwamba walio chini ya mto wahame.

Lakini juma lililopita mpwa wangu alikuja na hoja mpya. Alikuja usiku, uso unang'aa kwa mwanga wa simu. Alikuwa amesoma kuhusu bwawa la High Grand Falls, lile kubwa lililotajwa tangu siku za Ruwaza ya 2030, ambalo likijengwa litayazuia maji ya mafuriko yasitufikie. Kichwa cha habari kilikuwa cha masdari: Mafuriko ya Tana kukomeshwa. "Basi ya nini kuhama, mjomba?" akasema. "Nitajenga pale pale, kwa matofali safari hii."

Nilitaka kumjibu. Nilikuwa na balagha, nilikuwa na elimu ya mapokezi, nilikuwa na sanduku zima la ushahidi. Mama alinitangulia. Alikuwa ameketi kwenye jamvi akipepeta mchele, ule wa dukani, wa kununua kwa pesa.

"Linasema lini?"

Kijana akaipandisha habari kwa kidole, akaishusha, akaipandisha tena. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mmoja mgongoni na mwingine ameshika leso yake, naye hakusema neno, ila macho yake yalikuwa kwenye kidole kile.

"Halikusema, bibi."

Mama hakumlaumu wala hakumcheka. Alimwambia ainakili habari ile kwenye karatasi, kwa herufi za kusomeka, atie tarehe, aiweke ndani ya sanduku pamoja na wenzake. Akanakili. Kisha akamwambia, maadamu yeye ni mrefu kuliko sote, alinyanyue sanduku alitoe pale chini ya kitanda alipo.

Ukutani bado iko alama ya maji ya Novemba, mstari wa kahawia uliozunguka chumba kizima. Mpwa wangu alisimama nao sanduku likiwa mikononi. Ulimfika kifuani.

"Niliweke hapa, bibi?" akauliza, akionyesha rafu ya vyombo.

Mama akautazama mstari, akamtazama mtoto aliyeshika leso ya mama yake.

"Juu zaidi."